Dawa Kabla ya Kisu



Jumapili moja baada ya mafundisho ya Kipaimara, kijana mmoja wa kundi letu alibaki nyuma akanisaidia kupanga mabenchi ya kapela. Tulipomaliza aliniuliza jambo ambalo bila shaka wengi wenu hapa Epulu mmelisikia sokoni au kando ya daraja: “Mwalimu, ni kweli kwamba kule Kampala madaktari walikataa kumpasua kaka yako, wakampa dawa za kumtuliza tu mpaka walipochoka na kelele zenu?” Sikumjibu siku ile. Kaka yangu mwenyewe alikuwa ameketi hatua ishirini kutoka pale, chini ya mwembe, akila ndizi yake ya pili ya asubuhi kwa utaratibu wake mpya, polepole kama mtu anayehesabu fedha za mwenzake.

Nimeona afadhali nijibu kwa maandishi, ili jibu liwafikie na wale ambao hawajathubutu kuuliza. Lakini siwezi kulijibu swali hilo bila kuungama kosa langu, kwa kuwa maneno hayo ya sokoni yalitoka kwanza kinywani mwangu. Mimi ndimi niliyepiga simu kutoka Kampala kwa hasira na kuwaambia ndugu zetu kwamba wamekataa kumpasua.

Kaka yangu ni mkulima wa kakao. Mwanzoni mwa mwaka 2023 aliacha kumaliza chakula chake. Alikuwa akila vijiko vitano vya wali na sombe, kisha anaisukuma sahani na kusema ameshiba. Mke wake alidhani hapendi tena mapishi yake, wakagombana kwa sababu hiyo. Baadaye yakaja maumivu juu ya kitovu, hasa usiku. Mshipi wake wa suruali ukatobolewa tundu jipya, kisha la pili. Jambo moja hakulisema kwa mtu yeyote mpaka tulipofika mbele ya daktari: choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Aliona aibu. Damu ilikuwa ikimtoka ndani, naye aliificha kama mtu anayeficha deni.

Mimi nimesomea ualimu, na mtu aliyesomea ualimu ana hatari hii, kwamba hujiona anajua mambo yote yaliyomo katika vitabu ambavyo hakuvisoma. Nilimwambia ni vidonda vya tumbo. Nikamnunulia vidonge kwenye duka la dawa la barabarani, na maumivu yakatulia kwa wiki mbili. Yaliporudi, nikamnunulia tena. Tulisali novena, na sijutii sala ile. Ninachojutia ni kwamba niliitumia sala kama mto wa kulalia, wakati ingenipasa kuitumia kama fimbo ya safari.

Mwezi wa tano ukoo ulikutana. Ndugu zetu waliotoka upande wa Kivu wana jina la ugonjwa wa mtu anayekonda huku tumbo likimuuma: karuho, sumu ya polepole ambayo jirani au jamaa humwekea katika chakula. Neno hilo limekwisha kuingia na huku kwetu. Basi wakaanza kuhesabu nani alimlisha nini. Mmoja akakumbuka kwamba shangazi yetu, dada ya marehemu baba, mjane aliyekuwa akiishi kwenye kona ya shamba la kaka, alimletea sufuria ya sombe siku ya Mwaka Mpya. Haikuhitajika hoja nyingine. Kaka akanyweshwa majani ya kutapisha siku tatu mfululizo, akatapika hadi damu. Shangazi akafunga khanga zake mbili na sufuria ile ile, akapanda pikipiki kwenda Mambasa kwa binti yake. Hakuna aliyemsindikiza.

Nilikuwapo katika kikao kile. Mimi katekista, ninayewafundisha ninyi habari za yule kipofu wa tangu kuzaliwa, ambaye wanafunzi walitaka kujua ni dhambi ya nani iliyompofusha, na Bwana akakataa hesabu hiyo. Nilikaa kwenye kiti changu nikatazama viatu vyangu. Sikumshitaki shangazi, lakini sikufungua kinywa.

Hapa nakatiza kidogo. Kiswahili chetu cha Kongo humwita mganga yule mwenye koti jeupe na yule mwenye mizizi pia. Sina ugomvi na mizizi. Misitu yetu ya Ituri imewatibu wengi, na Wambuti wanajua majani ambayo mimi sitayajua kamwe. Ila jina hilo moja hutufanya tufikiri kwamba kwenda kwa mmoja ni sawa na kwenda kwa mwingine, na kwamba mtu akikosa huku atapata kule. Saratani haitusubiri tumalize mzunguko huo.

Aliyetuondoa Epulu ni mtoto wa kaka, kijana wa miaka kumi na tisa. Kijiji chetu kinajulikana duniani kwa ajili ya okapi, lakini chombo cha kumulika tumbo la mtu hakipo. Alikodi pikipiki bila kutuuliza, akaileta mlangoni. Tulikwenda hadi Mambasa, kisha tukapata nafasi katika gari lililopakia mizigo kupitia Komanda hadi Bunia, zaidi ya kilomita 200 za barabara, wakati wa mvua. Wenye kuijua barabara hiyo hawahitaji maelezo yangu.

Huko Bunia kaka alifanyiwa fibroskopia: mpira mwembamba wenye kamera huingizwa kinywani na kushuka hadi ndani ya mfuko wa tumbo. Si jambo la kupendeza, lakini halikuchukua hata robo ya saa. Daktari aliona kidonda chenye kingo zilizoinuka katika sehemu ya chini ya mfuko huo, akachukua vipande vidogo vidogo vya nyama kwa ajili ya maabara. Akauliza maumivu yalianza lini. Nikasema, miezi sita iliyopita. Aliandika, akakaa kimya kwa muda, kisha akauliza kwa upole kama tulikuwa na ndugu wa kutoa damu, kwa maana damu ya mgonjwa ilikuwa imepungua mno. Damu ya mtoto wa kaka ilikuwa ya kundi jingine, yangu vilevile. Vijana wawili wa parokia moja ya mjini, ambao hatukuwajua kabla ya siku ile, walikuja jioni baada ya mazoezi ya kwaya wakanyoosha mikono yao. Sikupata hata nafasi ya kuwashukuru vizuri, na pengine mmoja wao anasoma ukurasa huu.

Karatasi ya maabara ilipokuja ilisema ni saratani. Ilisema pia kwamba katika vipande vile wameonekana bakteria waitwao Helikobakta pilori. Nilimwomba daktari anieleze, akanieleza kama mwalimu mwema. Bakteria hao huishi ndani ya ute wa mfuko wa tumbo. Watu wengi sana wa Afrika huwapata wangali watoto, kwa kushirikiana vyombo na maji na kukaa pamoja katika nyumba zenye msongamano, na walio wengi hawaugui kamwe. Lakini kwa baadhi yao, uvimbe mdogo unaodumu miaka thelathini au arobaini hugeuka kidonda, na kwa wachache saratani. Hadi miaka ya 1980 madaktari wenyewe walidhani hakuna bakteria awezaye kuishi ndani ya asidi ile. Mwaustralia mmoja, Barry Marshall, alikunywa kikombe chenye bakteria hao mwaka 1984 ili kuwashawishi wenzake, akaugua tumbo, akatibiwa. Yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Tangu mwaka 1994 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umemweka bakteria huyo katika orodha ya visababishi vilivyothibitishwa. Tumbaku huongeza hatari. Vyakula vilivyohifadhiwa kwa chumvi nyingi pia huiongeza, na kaka yangu tangu ujana wake hakukosa makayabo mezani wala msokoto wa tumbaku mfukoni.

Basi sumu ilikuwepo, nayo iliingia mwilini mwake yapata miaka hamsini kabla ya ile sufuria ya sombe. Nilikuwa na karatasi hiyo mkononi, na bado sikumpigia shangazi simu. Nilijiambia nitafanya hivyo mambo yakitulia.

Daktari wa Bunia alituandikia barua ya kwenda Kampala. Tuliuza kakao yote ya msimu na nguruwe wawili, tukakopa kilichobaki. Tulivuka Ziwa Albert kwa boti kutoka Kasenyi hadi Ntoroko, upande wa Uganda, kaka akiwa amefunikwa turubai dhidi ya mawimbi, na mimi nikihesabu fedha katika akili yangu: hizi za kitanda, hizi za kisu, hizi za kurudi. Katika hesabu yangu hapakuwa na kitu kingine ila kisu. Nilimwona mpasuaji akilitoa lile dude na kulitupa, na sisi tukipanda boti kurudi.

Huko Mulago walimpima upya. Walimpitisha katika skana, kisha wakamtoboa tundu dogo tumboni na kuchungulia kwa kamera, kwa maana kuna mbegu za saratani zilizo ndogo mno kuonekana kwenye picha. Ugonjwa ulikuwa umepenya ukuta wa mfuko wa tumbo na kugusa tezi za jirani. Haukuwa umefika kwenye ini, wala kwenye utando unaofunika matumbo. Tofauti hiyo, walisema, ndiyo kila kitu. Ungalikuwa umefika huko, wasingempasua kwa nia ya kumponya. Wangempa dawa za kumwongezea siku na kumpunguzia maumivu. Kwa kuwa haukufika, walikuwa na tumaini la kuuondoa. Halafu wakasema wataanza na kemotherapia, ile ambayo waliosoma Kifaransa hufupisha wakaita shimio: mara nne, kila baada ya wiki mbili. Kisha atapumzika wiki chache, kisha apasuliwe, kisha apewe tena dawa mara nne.

Hapo ndipo nilipokasirika. Tulikuwa tumepoteza miezi sita nyumbani, na sasa walitaka miezi mingine mitatu huku kitu kile kikikaa tumboni mwake? Nilisema kwa sauti ambayo katekista hapaswi kuitumia hospitalini. Nikatoka nje nikapiga simu ile niliyowatajia.

Daktari hakukasirika. Alikuwa mwanamke wa makamo, na Kiswahili chake kilikuwa cha shida kidogo, kwa hiyo muuguzi mmoja kutoka Arua alimsaidia pale maneno yalipomkwama. Alimgeukia kaka, si mimi, akamwuliza analima nini. Kaka akasema kakao. Akamwuliza: “Shambani mwako likiota gugu baya, nawe umechelewa, limekwisha kumwaga mbegu, ukiling'oa gugu lile peke yake umemaliza kazi?” Kaka akasema hapana, mwaka ujao yataota mia. “Basi ugonjwa wako umekaa muda mrefu. Kisu kitang'oa gugu. Hakiwezi kuokota mbegu. Mbegu ndizo ninazotaka kuanza nazo, sasa, wakati bado una nguvu.”

Aliendelea kutufafanulia bila haraka. Dawa huzunguka na damu, hufika mahali ambapo mkono wa mpasuaji haufiki. Mara nyingi uvimbe wenyewe hupungua, mpasuaji akapata ukingo safi wa kukata. Tena mtu aliyeondolewa mfuko wa tumbo hudhoofika kwa miezi mingi, na wengi hawawezi tena kuzivumilia dawa; ukizingoja hadi baada ya kisu, huenda zisipewe kabisa. Alitutajia utafiti ambao Waingereza waliuchapisha mwaka 2006, juu ya wagonjwa 503 wenye saratani ya mfuko wa tumbo au ya mwisho wa umio. Kundi moja lilipasuliwa moja kwa moja; jingine lilipewa dawa kabla na baada ya kisu. Baada ya miaka mitano, katika kila wagonjwa 100 wa kundi la kwanza walikuwa hai 23. Wa kundi la pili, 36. Na katika kundi hilo la pili, waliofaulu kumaliza dozi zote, za kabla na za baada, hawakufika nusu. Mwaka 2019 Wajerumani walichapisha utafiti mwingine wa watu 716, wenye mchanganyiko wa dawa ulio bora zaidi, na huo ndio uliokusudiwa kwa kaka yangu.

Darasani kwangu 36 juu ya 100 ni kuanguka mtihani. Nilimwambia hivyo. Muuguzi alipotafsiri, daktari akacheka kidogo akasema: “Kati ya 23 na 36 kuna watu kumi na watatu, Mwalimu. Wana majina.” Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Usiku ule sikulala. Nilikumbuka habari ya kipofu wa Bethsaida katika Injili ya Marko, sura ya nane, ambayo nimeifundisha mara nyingi nikiipita mbio, kwa kuwa hunisumbua. Bwana anamgusa mtu yule, na mtu yule anaona, lakini kwa ukungu. Inabidi aguswe mara ya pili ndipo aone vizuri. Miaka yote nilitafuta namna ya kuwaeleza wanafunzi kwa nini Mwana wa Mungu hakumaliza kazi kwa mara moja. Sasa kaka yangu alikuwa amelala kwenye mkeka karibu nami, akikoroma, akingoja mguso wa kwanza kati ya tisa. Sikupata maelezo usiku ule pia. Lakini niliacha kuona aibu kwa niaba ya Injili.

Palikuwa na jambo jingine. Nilitaka apewe Mpako wa Wagonjwa kabla ya dawa ya kwanza, naye akakataa kabisa. “Mwalimu, padri akija na mafuta, nimekufa.” Watu wa umri wake wameshika jina la zamani, la mpako wa mwisho. Vijana, jifunzeni jambo hili vizuri ili muwafundishe wazazi wenu: Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1963 kwamba sakramenti hii haiwahusu tu wale walio katika pumzi za mwisho, na Papa Paulo VI akatoa utaratibu wake mpya mwaka 1972. Katekisimu inasema wazi kwamba inafaa kupewa mtu kabla ya upasuaji mzito. Nilimweleza hayo yote, hakusadiki. Kilichomgeuza ni kumwona mama mmoja wa kitanda cha jirani akipakwa mafuta asubuhi, na jioni akigombana na muuzaji juu ya bei ya parachichi. Akasema, “Basi na mimi.”

Tulipokuwa tukingoja zamu yake nilimsimulia habari za Mtakatifu Yohane XXIII, Papa aliyeuitisha Mtaguso huo. Aliambiwa kwamba ana saratani ya mfuko wa tumbo mwezi wa Septemba 1962. Tarehe 11 Oktoba aliufungua Mtaguso mbele ya maaskofu wa ulimwengu wote. Aprili mwaka uliofuata alitoa waraka wake juu ya amani duniani, na tarehe 3 Juni 1963 akafariki. Utaratibu huu wa kutanguliza dawa kabla ya kisu haukuwapo wakati wake. Kaka aliwaza, kisha akauliza kama Papa naye alishindwa kumaliza wali. Nikamwambia sijui walimpikia nini, lakini tumbo ni tumbo.

Mulago ina sababu ya kujulikana katika mambo haya. Hapo ndipo mpasuaji wa Kiairishi, Denis Burkitt, alipoeleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika, uvimbe ambao kisu kiliushindwa. Dawa ndizo ziliuyeyusha, na Taasisi ya Kansa ya Uganda ilianzishwa hapo mwaka 1967 kwa ajili ya kazi hiyo. Miongoni mwa saratani za kwanza duniani kuponywa kwa dawa tupu, kumbe, baadhi ziliponywa siku moja tu ya safari kutoka ziwani kwetu. Nimefundisha shule miaka karibu thelathini na sikuwahi kulifundisha hilo.

Dawa zenyewe ziliingia mshipani, saa nyingi mchana na usiku kucha, kisha tukarudi nyumbani kwa ndugu waliotupokea. Siku ya tatu alitapika. Kinywa kikaota vidonda. Baada ya dozi ya pili nywele zote zilianguka, akasema anafanana na baba. Mojawapo ya dawa hizo, iitwayo oksaliplatini, huivuruga mishipa ya fahamu hata mtu hawezi kugusa kitu cha baridi: alipotia vidole katika ndoo ya maji ya asubuhi aliruka kama aliyechomwa sindano. Kaka yangu amekulia ndani ya mto Epulu. Kumwona akiyaogopa maji ndiko kulikonitoa machozi, si nywele.

Muuguzi alikuwa ametuonya: homa ikifika nyuzi 38, hata usiku wa manane, msingoje asubuhi, kwa sababu dawa hizi hupunguza askari weupe wa damu na mwili hubaki bila mlinzi. Siku ya tisa baada ya dozi ya pili, saa saba ya usiku, alianza kutetemeka. Kipimo kilisoma 38.6. Nikampa kidonge cha homa nikasema tutaona kukicha. Nilihofia njia, nilihofia gharama, na kwa kweli nilikuwa nimechoka. Mtoto wa kaka hakujibizana nami. Alitoka akarudi na bodaboda, akambeba baba yake mgongoni hadi chini. Alilazwa siku tano kwa dawa kali za mshipani. Daktari alisema kwamba kwa hali ile, asubuhi huenda ingekuwa jambo jingine. Hii ni mara ya pili ambapo kijana yule aliniwahi mimi mtu mzima.

Dozi ya tatu ilicheleweshwa wiki moja, ya nne ikapita salama. Na kabla ya skana ya pili, nilianza kuona jambo ambalo sikulitegemea: alikuwa akimaliza uji. Bakuli zima. Picha ilipotoka ilionyesha uvimbe umepungua, na tezi nazo. Alipumzika wiki tano akilishwa mayai, karanga, samaki na parachichi, ili apate mwili wa kupeleka kwenye kisu. Mpasuaji aliondoa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo pamoja na tezi zake, akaunganisha kilichobaki na utumbo. Ilichukua saa tano na nusu. Nilisali Rozari nne, na katika hizo pengine moja ndiyo niliyoisali kweli.

Baada ya kisu alipata dozi mbili tu kati ya zile nne. Mwili ulikataa, nao hawakumlazimisha. Nilielewa hapo, bila kuambiwa tena, kwa nini walianza na dawa: zile nne za kwanza hakuna awezaye kumnyang'anya.

Hajafikisha ile miaka mitano. Kila baada ya miezi sita anavuka ziwa kupimwa, na kila anapovuka sote hapa hatulali vizuri. Anakula mara sita kwa siku, kidogo kidogo. Akila kwa pupa jasho humtoka na moyo hudunda. Ameacha tumbaku. Mke wake, watoto na mimi tulipimwa bakteria yule. Wanne kati yetu tulikuwa naye, tukatibiwa kwa dawa za siku kumi na nne.

Lilibaki jambo la shangazi. Tuliporudi nilimsindikiza kaka hadi kwake, kisha wiki iliyofuata nikapanda pikipiki kwenda Mambasa na karatasi ya maabara mfukoni. Nilimkuta akipepeta mchele mbele ya nyumba ya bintiye. Nilipiga magoti, nikamsomea karatasi ile neno kwa neno kwa Kiswahili. Alisikiliza hadi mwisho, akaendelea kupepeta.

“Mwanangu,” alisema, “mimi sikusoma. Karatasi hiyo unamsomea asiyeihitaji. Mimi najua tangu Mwaka Mpya ule niliweka nini katika sombe. Walionitaja walinitaja mbele ya watu, nawe ulikuwapo. Nenda ukawasomee wao.”

Nikarudi Epulu. Jumapili iliyofuata padri hakuweza kufika, nami nikaongoza ibada ya Neno. Baada ya matangazo niliisoma karatasi ile mbele ya kapela nzima, nikasema ni nani aliyesingiziwa, na ni nani aliyekaa kwenye kiti akatazama viatu vyake. Ndugu wawili walitoka nje kwa hasira. Kaka yangu alisimama upande wa wanaume, kofia mkononi, kichwa chake bado hakijaota nywele sawasawa, akabaki amesimama hadi nilipomaliza.

Shangazi alikuja siku kumi baadaye, na khanga zake na sufuria yake. Hakuniuliza nilisema nini. Kapela zetu zina masikio hadi Mambasa. Aliingia moja kwa moja jikoni kwa mke wa kaka, akafunua vyungu kimoja kimoja, kisha akatoka mlangoni akanitazama.

“Sasa niambie,” alisema, “anakula nini huyu, na mara ngapi?”